Furaha Ng'ambo ya Ziwa: Tamaa na Historia katika *The Promised Land* ya Grace Ogot

Asili ya furaha hujadiliwa mara nyingi kama swali la falsafa tupu. Historia ya mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, hata hivyo, inadhihirisha kwamba kutamani furaha nako kuna historia yake. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901. Kodi ya kikoloni, iliyodaiwa kwa fedha taslimu, iliwalazimu wanaume wengi kutafuta ujira mbali na kwao. Aidha, familia za Wajaluo zilihamia Tanganyika kutafuta ardhi. Maisha mema, ambayo yalikuwa yamefungamana na ardhi, mifugo na ukoo, yakaanza kufikiriwa kama kitu kinachopatikana safarini.

Riwaya ya *The Promised Land* (1966) imejengwa juu ya historia hiyo. Ochola anaondoka Seme, karibu na Kisumu, akaenda Tanganyika kutafuta utajiri. Nyapol, mkewe, anamfuata shingo upande. Ochola anafanikiwa, lakini jirani mwenye husuda anamroga, mwili wake ukaota vigaga kama miiba. Mganga anayemponya anamwamuru aondoke mara moja, na mali yake inabaki nyuma.

Ni rahisi kuisoma riwaya hii kwa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Usomaji huo unamlaumu Ochola na kuisamehe historia, kwani mbacha wenyewe ulikuwa umekwisha kuchakaa kabla hajauacha. Kosa lake si kutamani. Kosa lake ni kudhani kwamba raha, yaani wepesi wa maisha unaoletwa na mali, itazaa furaha, ambayo ni utulivu wa moyo miongoni mwa watu. Ghala lake linajaa, lakini wingi huo huo ndio unaomtia jirani husuda.

Swali zito zaidi linaibuliwa na Nyapol: furaha inayotafutwa ni ya nani? Tangu mwanzo ridhaa yake haikuwekwa katika mizani. Hivyo basi, marejeo ya Seme hayapaswi kuhesabiwa kuwa ushindi wa mila. Wawili hao wanarudi katika ardhi ile ile finyu, wakiwa wamepata uhai tu. Na sababu zilizomfanya Ochola aondoke bado zinamngoja mlangoni.