Siku 72 za Diallo mahabusu: hukumu ya Kiafrika tuliyoisahau

Novemba 30, 2025 ilitimia miaka 15 tangu Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague, ilipotoa hukumu katika shauri la Guinea dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni hukumu iliyostahili kusomwa katika kila chuo cha polisi barani Afrika. Mtu aliyeizua hakuwa mwanasiasa wala jasusi. Alikuwa mfanyabiashara, Ahmadou Sadio Diallo.

Haki aliyonyimwa, ya mgeni aliyekamatwa kuambiwa kwamba ubalozi wake unaweza kujulishwa, ilizaliwa Vienna, Aprili 24, 1963, uliposainiwa mkataba wa mahusiano ya kikonseli. Kifungu chake cha 36 kilibishaniwa vikali. Wapo waliotaka polisi waujulishe ubalozi kila mgeni anapokamatwa. Nchi zenye wageni wengi zikaona huo ni mzigo. Na si kila mahabusu hupenda serikali ya kwao ijue yuko wapi. Mkutano ukiwa ukingoni, Misri, wakati huo ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, ikaleta marekebisho: ubalozi ujulishwe pale mhusika anapoomba. Uingereza nayo ikataka polisi wawajibike kumwambia mgeni, bila kuchelewa, kwamba anayo haki hiyo. Yote mawili yakaingia.

Wajibu huo wa kumwambia ndio uliozifikisha nchi mahakamani. Ujerumani iliishinda Marekani mwaka 2001, kwa ajili ya ndugu wawili, Karl na Walter LaGrand, waliokwisha kuuawa kwa hukumu ya kifo Arizona. Mexico ikafuata mwaka 2004, ikiwatetea raia wake zaidi ya 50. Mwaka uliofuata Marekani ikajitoa katika itifaki iliyokuwa ikiiwezesha kushtakiwa kwa njia hiyo. Mashauri hayo yameandikwa sana. La Diallo, ambalo ni letu, ndilo linalotajwa kwa nadra.

Diallo aliingia Kongo mwaka 1964 na kuanzisha kampuni mbili, Africom-Zaire na Africontainers-Zaire. Biashara ilikua, na madeni aliyokuwa akiwadai wakubwa yakakua pia: serikali yenyewe, kampuni ya madini ya Gécamines na kampuni za mafuta. Akaenda mahakamani kudai. Oktoba 31, 1995 Waziri Mkuu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, akasaini amri ya kumfukuza nchini. Novemba 5 akakamatwa.

Alikaa ndani siku 66 mfululizo. Chakula alicholetewa na jamaa zake ndicho alichokula, na Kongo haikulikanusha hilo. Akaachiwa Januari 10, 1996, kisha akakamatwa tena mwezi huohuo. Januari 31 akapandishwa ndege kurudi Guinea. Karatasi aliyopewa uwanjani ilikuwa ya kumzuia mgeni asiingie nchini, na sababu iliyoandikwa ni ukaazi usio halali. Mtu aliyeishi Kongo miaka 32 aliondolewa kwa karatasi ya mtu ambaye hajafika! Na hila yake ni hii: kwa sheria za Kongo, uamuzi wa kumzuia mtu kuingia haukatiwi rufaa.

Guinea ilifungua shauri Desemba 1998. Kuhusu ubalozi, mawakili wa Kongo walikuja na hoja ambazo afisa yeyote wa kituo angeweza kuzitoa: Diallo hakuomba, aliambiwa haki yake kwa mdomo, na hata hivyo balozi wa Guinea alizipata habari. Mahakama ilizikataa zote. Ilisema ni juu ya mamlaka iliyomkamata mtu kumweleza haki yake bila kungoja aulize. Ubalozi kupata habari kwa njia nyingine hakufuti kosa. Na madai ya kuelezwa kwa mdomo hayakuwa na ushahidi wowote. Mwaka 2012 Kongo ikaamriwa kulipa dola 95,000 za Marekani: 85,000 kwa mateso ya nafsi, 10,000 kwa mali zake binafsi. Guinea ilikuwa imedai zaidi ya dola milioni 11. Kwa jumla ya siku 72 mahabusu na biashara iliyovunjika, naona fidia hiyo ilikuwa ndogo mno.

Tangu hapo lipo shauri la India na Pakistan, mwaka 2019, lililothibitisha kwamba hata anayetuhumiwa ujasusi hanyimwi haki hii.

Tusidanganyane kuhusu uwezo wa ubalozi. Afisa wake hawezi kumtoa mtu jela, wala kuingilia uamuzi wa hakimu. Lakini anaweza kumtembelea, kumsaidia kupata wakili, kuwapelekea ndugu habari na kufuatilia kama anatendewa haki. Kwa msichana wa Tanga au Mombasa aliyeshikiliwa Ghuba, hajui Kiarabu, na pasipoti yake iko kwa mwajiri, msaada huo ni mkubwa.

Kenya na Tanzania ni wanachama wa mkataba huu, na wajibu wake unatufunga sisi pia. Mwethiopia anayekamatwa njiani kwenda Afrika Kusini, akarundikwa mahabusu kwetu bila mkalimani, anastahili kuambiwa yaleyale tunayotaka binti yetu aambiwe Riyadh au Muscat. Ni aibu kulilia haki kwa wenzetu huku tukiipuuza kwenye kaunta za vituo vyetu vya polisi.

Wizara za mambo ya nje na jeshi la polisi zibandike maneno ya Kifungu cha 36 katika kila kituo, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni wanaopita hapa. Mawakala wa ajira za nje walazimishwe kumkabidhi kila msafiri namba ya ubalozi kabla hajapanda ndege. Nawe msomaji, kama una ndugu anayejiandaa kuondoka, mwambie leo: akikamatwa, atamke mapema kwamba anataka ubalozi wake ujulishwe, na asisaini karatasi ya lugha asiyoielewa.