Jina la Duke wa York: Habari za Perkin Warbeck na Uasi Wake, 1491–1499

Kwa muda wa miaka minane, tangu mwaka wa 1491 hata mwaka wa 1499, Henry wa Saba, mfalme wa Uingereza, alishindana na kijana mmoja asiyekuwa na ardhi, wala hazina, wala jeshi lililo lake mwenyewe. Mali yake yote ilikuwa jina. Yeye alijiita Richard, Duke wa York, mwana wa pili wa marehemu mfalme Edward wa Nne. Serikali ya Henry ilimwita Perkin Warbeck, mzaliwa wa mji wa Tournai. Wengi walioandika habari zake wameshughulika na swali moja, kama alikuwa mwana wa mfalme au sivyo. Swali hilo ni la haki, nasi tutaligusa. Lakini makusudi ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa uasi wake haukuanguka kwa sababu jina lile lilidhihirika kuwa la uongo. Ulianguka kwa sababu wakuu waliolikubali walilitumia kama fedha ya kununulia haja zao, na wanyonge waliolifuata walikuwa na dhiki yao wenyewe, ambayo jina peke yake halikuweza kuiondoa.

Yafaa kwanza kueleza jinsi jina la mtoto aliyetoweka lilivyopata nguvu kubwa namna hii. Edward wa Nne alifariki Aprili 1483, akaacha wana wawili, Edward mwenye umri wa miaka 12, na Richard mwenye miaka 9. Baba yao mdogo, Richard wa Gloucester, aliwaweka katika Ngome ya London. Ikatangazwa kwamba ndoa ya wazazi wao haikuwa halali, naye akakitwaa kiti cha ufalme, akawa Richard wa Tatu. Baada ya miezi ya joto ya mwaka ule watoto wale hawakuonekana tena. Tarehe 22 Agosti 1485 Henry Tudor alimshinda Richard na kumwua katika vita vya Bosworth. Haki ya Henry kwa damu ilikuwa dhaifu, maana aliipata kwa upande wa mama yake tu; kwa hiyo Januari 1486 akamwoa Elizabeth, binti wa Edward wa Nne, ili aziunganishe nasaba mbili zilizokuwa zikigombana.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Ili mkewe awe binti halali, ilimlazimu Henry kuifuta sheria ile iliyowaharamisha watoto wa Edward. Lakini sheria iliyomhalalisha dada iliwahalalisha na ndugu zake pia. Endapo mmoja wao yu hai, basi huyo ni shemeji wa mfalme, na haki yake ya kurithi inatangulia haki ya dada yake. Henry hakuweza kusema kwamba mwana wa Edward hana haki. Aliweza kusema tu kwamba amekufa. Na kifo chake hakuna aliyeweza kukithibitisha, kwa kuwa maiti haikuonyeshwa.

Tena Henry alikwisha kuonja hatari ya jambo hili. Mwaka wa 1487 mvulana mmoja, Lambert Simnel, alitiwa taji mjini Dublin kwa jina la Edward wa Warwick, mwana wa ndugu yake Edward wa Nne, ingawa Edward wa Warwick mwenyewe alikuwa amefungwa katika Ngome ya London. Jeshi la Simnel lilishindwa huko Stoke tarehe 16 Juni, naye mvulana akasamehewa, akapewa kazi katika jikoni ya mfalme.

Habari za mwanzo wa Warbeck twazipata hasa katika ungamo lake mwenyewe, lililotolewa baada ya kukamatwa. Asema kwamba baba yake alikuwa Jehan de Werbecque wa Tournai. Kwamba alipokuwa kijana alitumika mijini Antwerp na Middelburg, kisha akaenda Ureno pamoja na mke wa Sir Edward Brampton. Kwamba mwisho alimtumikia mfanyabiashara wa Brittany, Pregent Meno, akafika naye katika mji wa Cork, nchi ya Ayalandi, mwaka wa 1491. Watu wa Cork walipomwona amevaa hariri za bwana wake walisema kwamba ndiye Edward wa Warwick. Akakana kwa kiapo. Wakasema ni mwana wa nje wa Richard wa Tatu. Akakana tena. Ndipo wakamshurutisha awe Richard, Duke wa York, na kumfunza Kiingereza pamoja na mambo yampasayo mwana wa mfalme. Kwa maneno haya, walimjaribisha majina kama mtu ajaribishwavyo kanzu, hata wakapata lililomkaa.

Tangu hapo jina likaingia katika biashara za wafalme. Mwaka wa 1492 Charles wa Nane wa Ufaransa alimkaribisha kwa heshima. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alipatana na Henry huko Étaples, na mojawapo ya masharti ikawa Ufaransa isiwasaidie maadui wa Henry. Mgeni akaondoka kwenda Flanders, kwa Margaret wa York, mjane wa Duke wa Burgundy. Margaret alikuwa dada wa Edward wa Nne, yaani shangazi wa Richard wa kweli, naye alimpokea kijana huyu kwa jina hilo la mtoto wa ndugu yake na kumwandikia barua malkia Isabella wa Castile kumsifia. Ushahidi wa shangazi una uzito. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Margaret aliichukia nasaba ya Tudor, na kwamba alimsaidia Simnel kabla ya huyu. Maximilian, mfalme wa Wajerumani, naye alimkubali. Henry alijibu kwa kufunga biashara yake na Flanders mwaka wa 1493, ijapokuwa wafanyabiashara wa London walipata hasara. Na mapatano makubwa ya biashara yalipofanywa Februari 1496, kila upande uliahidi kutowahifadhi waasi wa mwenziwe.

Hata ndani ya Uingereza jina hili lilimwaga damu. Februari 1495 alikatwa kichwa Sir William Stanley, ambaye askari zake ndio waliomwokoa Henry siku ya Bosworth. Mwezi wa Julai mwaka ule Warbeck alijaribu kutua Deal, katika jimbo la Kent. Watu wake waliotangulia nchi kavu waliuawa au kutekwa, naye mwenyewe hakushuka merikebuni. Akaenda kuuzingira mji wa Waterford, asiuweze. Kisha akakimbilia Uskoti.

James wa Nne wa Uskoti alimfanyia ukarimu kupita wote, maana alimwoza Lady Catherine Gordon, msichana wa ukoo mkubwa. Septemba 1496 majeshi ya Uskoti yalivuka mpaka kwa kisingizio cha kumrudisha Richard katika haki yake. Yaliteka na kuchoma, yakarudi baada ya siku chache. Katika watu wa kaskazini, ambako Richard wa Tatu alikuwa amependwa, hakuna aliyeinuka kumpokea mfalme aja na moto wa majirani. Mwaka uliofuata James naye akachoka. Julai 1497 mgeni wake alitweka tanga, na Septemba Uskoti ikapatana na Henry.

Sasa twafika penye kiini cha shauri letu. Vita vya Uskoti, vilivyopiganwa kwa jina la Duke wa York, vilimfanya Henry aombe kodi kubwa katika Bunge la Januari 1497. Kodi hiyo ikawaangukia hata watu wa Cornwall, mwisho wa nchi upande wa magharibi. Watu maskini, walio mbali na Uskoti kuliko Waingereza wote, na ambao wengi wao walikuwa wakisema lugha yao wenyewe ya Kikelti. Kiongozi wao mmoja, Michael Joseph, hujulikana hata leo kwa jina la An Gof, ambalo katika lugha ile maana yake ni mhunzi. Mwenziwe, Thomas Flamank, alikuwa mwanasheria. Walipita Uingereza nzima kwa miguu hata karibu na London. Hawakumtaja Duke wa York. Walilalamikia kodi na washauri wa mfalme. Tarehe 17 Juni walishindwa huko Blackheath, na viongozi wao wakauawa.

Ni kwa watu hawa hawa Warbeck alikuja. Tarehe 7 Septemba alitua karibu na Land's End akiwa na watu 120 hivi, na mjini Bodmin akatangazwa kuwa mfalme Richard wa Nne. Maelfu walimfuata. Tusidhani walikuwa wamechunguza nasaba yake. Walimfuata kwa sababu walikuwa na jeraha bichi, naye alikuwa mtu wa kwanza kuja kwao na bendera. Hawakujua, au hawakujali, kwamba kodi iliyowatia jeraha lile ilitozwa kwa ajili ya vita vyake. Bila mizinga waliushambulia mji wa Exeter tarehe 17 na 18 Septemba, wakaingia malango kwa moto na kutolewa tena. Wakasogea Taunton, na huko, usiku wa tarehe 21, yule waliyemwita mfalme aliwatoroka, akakimbilia hifadhi ya kanisa la watawa huko Beaulieu. Asubuhi wakulima wa Cornwall walijikuta hawana mfalme. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi: wao waliachiwa faini, ambazo maofisa wa Henry waliendelea kuzikusanya kwa miaka.

Warbeck alijitoa mikononi mwa Henry na kuungama. Je, ungamo hilo lastahili kuaminiwa? Lilitolewa na mfungwa mbele ya aliyemfunga, nalo lilimfaa mfalme mno. Kwa hiyo hatuwezi kulipokea bila tahadhari. Hata hivyo jina la Perkin Warbeck wa Tournai halikubuniwa siku ile, kwani Henry alikwisha kulitaja katika barua ya Julai 1493. Na ukoo wa Werbecque waonekana katika daftari za mji wa Tournai. Kwa sababu hizi wanahistoria wengi hulikubali ungamo katika mambo yake makubwa. Wachunguzi wa lugha watazame na jina lenyewe. Perkin ni udogo wa Peter, kama vile kiambishi ki- katika Kiswahili kimfanyavyo mtu kuwa kijitu. Kila tangazo la serikali lilipolitaja lilikuwa likimpunguza mtu yule mbele ya wasikilizaji wake, kabla hoja yo yote haijatolewa.

Mwanzoni Henry hakumwua; alimweka katika jumba lake, chini ya ulinzi mwepesi. Juni 1498 alitoroka, akakamatwa, akafungwa katika Ngome ya London. Mle alikuwamo Edward wa Warwick, aliyefungwa tangu utoto kwa kosa la kuzaliwa tu. Mwaka wa 1499 wote wawili walishtakiwa kwa njama moja. Warbeck alinyongwa Tyburn tarehe 23 Novemba; Warwick alikatwa kichwa siku chache baadaye, akiwa na umri wa miaka 24. Wakati huo Henry alikuwa akitaka mwanawe Arthur amwoe Catherine, binti wa wafalme wa Hispania, na balozi wa Hispania aliandika kwa furaha kwamba sasa haikubaki damu ya kifalme yenye kutia shaka.

Hivyo jina la kuazima lilimwangamiza na yule aliyekuwa na jina lake la haki. Asomaye habari hizi asikome katika kuuliza Warbeck alikuwa mwana wa nani. Aulize pia ni nani aliyefaidika kila mara jina lile lilipotamkwa, na ni nani aliyelipa. Wafalme walipata mapatano, masoko na ndoa. Na gharama ya jina hilo iliwafikia watu wa Cornwall mara mbili, kwanza kwa kodi, kisha kwa damu.