Kumtafuta Mwizi wa Mtandao Hapa Burnt Forest

Nimekuwa kimya karibu miezi miwili na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Mtandao wa hapa nyumbani ndio uliokuwa ukiniacha, tena kila jioni, saa ileile ambayo wateja wangu wa Marekani wamekaa mezani na wananitaka.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mwandishi wa programu. Nilisomea sayansi ya kompyuta, nikafanya kazi Nairobi miaka mitatu, kisha nikarudi nyumbani Burnt Forest, kwenye barabara kuu ya Nakuru na Eldoret, penye baridi, viazi, maziwa na radi. Baba alinipokea kwa shingo upande. Kwake yeye, kulipwa na mtu usiyemwona kwa kazi isiyoshikika ni nusu kamari. Basi mtandao ulipoanza kukatika nilikuwa na mambo mawili ya kupoteza. La kwanza ni mteja, ambaye baada ya simu yetu kukatika mara tatu katika wiki moja aliniambia kwa upole kwamba atatafuta mtu mwenye mtandao wa kutegemewa. La pili ni ubishi wangu na Baba. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya chumba Kasarani.

Mtu wa kwanza kumlaumu alikuwa bahari. Usicheke, nilikuwa na sababu. Februari 2024 meli ya Rubymar, iliyopigwa kombora kwenye Bahari ya Shamu, ilielea huku ikiburuta nanga, na kebo 3 za chini ya bahari zikakatika, moja wapo ikiwa SEACOM inayofika Mombasa. Kisha tarehe 12 Mei mwaka huohuo kebo za EASSy na SEACOM zikakatika kusini, upande wa Afrika Kusini, na nchi nzima ikatambaa. Tangu hapo mtandao ukikwama hapa kwetu, hata muuza chipsi anakuambia ni kebo. Kebo zilitengenezwa zamani, lakini lawama tulibaki nazo. Hata Baba alijifunza. Akiniona nimeshika kichwa jioni huuliza, "Hiyo kamba yenu ya baharini imekatika tena?"

Wiki ya tatu nikaona aibu. Ningemwona mwanafunzi akitafuta kosa la programu kwa kukisia namna hii ningemcheka. Nikakaa chini, nikaanza na ping.

Ping ni programu ndogo iliyoandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya jeshi huko Maryland. Mtandao wa ofisini mwake ulikuwa na tabia za ajabu, naye akataka kujua shida iko wapi. Jina alilitoa kwenye chombo cha nyambizi kinachopiga mlio majini na kusikiliza mwangwi. Ndivyo ping inavyofanya: inaita, inangoja jibu, inahesabu milisekunde. Muuss alifariki mwaka 2000 kwa ajali ya gari, na mpaka leo kila kompyuta unayoigusa inakuja na chombo chake. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuita watu walio umbali tofauti kwa wakati mmoja. Asiyejibu anakuonyesha ng'ambo ya wapi njia imekatika.

Nikaandika programu fupi ya kuita anwani 4 kila sekunde na kuandika majibu kwenye faili: ruta iliyo sebuleni, mnara wa kampuni inayoniuzia mtandao, seva moja Nairobi, na nyingine London. Nikaiacha ikimbie siku 9.

Wakati nangojea, nikawa nawaza jinsi orodha ile ilivyokuwa historia ya mtandao wa Kenya, ukiisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Vumilia, nitarudi kwa mwizi wangu.

Anza na London. Mtu aliyekuwa Eldoret kabla ya 2009 akipiga ping Ulaya, swali lake lilipanda kwenye setilaiti. Kenya ilikuwa na kituo cha setilaiti Longonot tangu 1970, kwa ajili ya simu na matangazo, na intaneti ilipoingia miaka ya 1990 ikafuata njia hiyohiyo ya angani. Setilaiti ya namna ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali lipande lishuke, jibu nalo lipande lishuke, hiyo ni kama kilomita 143,000. Hata mwanga wenyewe unahitaji karibu nusu sekunde kwa safari hiyo, kabla hujaweka foleni ya watu wanaogombea upenyo uleule mwembamba na wa bei ghali. Fundi wa saiba miaka ile hakuwa na la kufanya. Kosa halikuwa nyumbani, wala Nairobi, wala kwa mtu yeyote. Lilikuwa kwenye fizikia.

Ila si yote yalikuwa fizikia. Hapa kwenye anwani ya Nairobi ndipo pananipendeza zaidi. Mwaka 2000, ukiwa mteja wa kampuni moja ya intaneti hapa nchini, ukamwandikia barua pepe jirani aliye kwenye kampuni nyingine, barua yako ilipanda angani, ikafika Marekani au Ulaya, ikapanda tena, ikashuka Kenya. Ni kama kupeleka debe la viazi kutoka Burnt Forest hadi Eldoret kwa kupitia bandari ya Mombasa. Kampuni zenyewe, chini ya chama chao cha TESPOK kilichoundwa 1999, ziliona ujinga huo zikachanga fedha na kuweka swichi ya pamoja Nairobi ili data ya Kenya ibadilishwe Kenya. Wakaiita KIXP. Iliwashwa Novemba 2000.

Haikumaliza wiki mbili vizuri. Telkom Kenya wakati huo ilikuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, na ikalalamika kwamba swichi ile inavunja haki hiyo. Tume ya mawasiliano, CCK, ikakubali na kuamuru ifungwe. Fikiria: kifaa kilichobuniwa ili data isitoke nje ya nchi kilifungwa kwa kosa la kuingilia biashara ya nje ya nchi! Walibishana karibu mwaka mzima. Hoja ya TESPOK ilikuwa rahisi, kwamba hawabebi mawasiliano ya mtu yeyote kwenda nje, wanabadilishana tu mzigo wa ndani. Leseni ikatoka, na Februari 2002 swichi ikawashwa tena. Safari ya data kati ya kampuni mbili za Kenya, iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde nzima, ikashuka chini ya milisekunde 100. Hakuna aliyerusha setilaiti mpya. Hakuna aliyechimba mtaro mpya wa kuvuka nchi. Karatasi moja tu ilipigwa muhuri.

Kisha ikaja 2009. Juni, kebo ya TEAMS ilivutwa ufukweni Mombasa ikitokea Fujairah, na tarehe 23 Julai SEACOM ikawashwa. EASSy ikafuata 2010. Nilikuwa shule ya msingi na sikuelewa kelele zilikuwa za nini. Leo seva yangu ya London inajibu kwa milisekunde mia na hamsini hivi. Kebo nazo zina maudhi yake, bila shaka. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilishusha nanga mahali palipokatazwa, ikaikata TEAMS. Hata hivyo kebo zimekuwa nyingi, na moja ikikatika mzigo unahamishiwa nyingine, ijapokuwa kwa kusukumana.

Kutoka pwani faiba ilipanda hadi Nairobi, Nakuru, Eldoret na kuelekea Uganda, nyingi yake ikifuata barabara kuu. Maana yake ni kwamba inapita mbele ya maduka ya Burnt Forest, kwenye mtaro ambao mbuzi wanalala juu yake. Sisi tuko bondeni, mbali na lami, kwa hiyo kutoka mnarani mpaka kwetu mtandao unaruka hewani na kudakwa na antena iliyo juu ya paa. Unaona mambo yanavyokwenda? Miaka ya 1990 kosa lilikuwa angani. Baadaye likawa Nairobi ofisini. Kisha baharini. Kila kizazi cha mafundi kiliziba shimo lililokuwa mbali zaidi, na kosa likawa linapiga hatua kuja nyumbani. Mimi bado nilikuwa nimekodolea macho bahari.

Kuna kitu kingine nilichokumbuka. Januari 2008, wakati wa ghasia baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka 10. Tulilala siku kadhaa kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret pamoja na maelfu ya watu wengine. Simu ya Baba ilikuwa imejaa mtandao, alama zote zimesimama, na hakuweza kumpigia mtu. Barabara zilifungwa, maduka yakafungwa, na kadi za kredo hazikuwepo. Mwenye kadi aliiuza kwa bei atakayo. Mnara mzima, betri nzima, simu nzima, na shangazi alikuwa ng'ambo ya mahali ambapo tusingeweza kumfikia kwa sababu ya kipande cha karatasi cha kukwaruza. Siku hizohizo Juliana Rotich alikuwa Eldoret akiandika kwenye blogu yake yaliyokuwa yakitokea, na mwezi huohuo yeye na wenzake, Ory Okolloh, Erik Hersman na David Kobia, wakaanzisha Ushahidi, tovuti ya kukusanya taarifa za ghasia kwa ujumbe wa simu na kuziweka kwenye ramani. Kutoka kwa watu hao, mwaka 2013, kikatangazwa kifaa kinaitwa BRCK: ruta yenye betri ndani, ya kukaa saa 8 bila stima. Nilipokisoma chuoni nilikiona kama kitu cha watalii na watafiti wa Turkana. Weka hilo la betri akilini.

Haya, siku 9 zikaisha nikafungua faili.

Ruta haikukosa kujibu hata mara moja. London, Nairobi na mnara vilipotea vyote pamoja, sekunde ileile, kwa dakika 3 na kitu, kisha vikarudi pamoja. Kwa hiyo bahari haikuhusika, wala Nairobi. Kitu kilikuwa kinakatika kati ya sebule na mnara, kila jioni, kuanzia saa 12 na nusu. Nikasema, ni msongamano: watu wamerudi nyumbani, wote wako kwenye video. Lakini Jumapili jioni, siku ambayo kila mtu yuko nyumbani, hapakuwa na pengo hata moja. Na msongamano hupunguza mwendo kwanza, hauzimi kitu kama swichi.

Nikafungua ukurasa wa antena yenyewe, pale inapoandika imewaka kwa muda gani. Ilisema dakika 4. Haikuwa ikipoteza mawimbi. Ilikuwa inazimika na kuwaka upya!

Jioni iliyofuata nilikaa sebuleni na kipima volteji kwenye soketi. 231. Saa 12 na dakika 34 nikasikia mngurumo kutoka zizini, kipima kikashuka mpaka 168, na taa ya antena ikafa. Ilikuwa mashine ya Baba ya kukatia ng'ombe mabua ya mahindi. Ina mota kubwa, na sisi tuko mwisho wa laini, mbali na transfoma. Jumapili hukata asubuhi, kabla ya kanisa.

Kwa nini ruta haikuzimika? Adapta yake inavumilia kuanzia volti 100. Ile ya antena ilikuwa imechomwa na radi mwezi wa 3, nikanunua nyingine Eldoret, ya bei nafuu, bila kusoma maandishi. Ya zamani ilitoa ampea 1, hii inatoa nusu. Kwa hiyo mashine ilikuwa ya Baba, lakini kosa nilinunua mimi, kwa pesa zangu, na nikapewa risiti.

Nilimweleza tukiwa zizini. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono. "Kikulacho," akasema, akaniachia nimalizie mwenyewe. Kisha akauliza kama ni lazima abadilishe saa ya kukata. Nikamwambia ng'ombe ndio waliolipa karo yangu, hawawezi kuchelewa kula kwa ajili ya simu ya Marekani.

Nimenunua adapta ya ampea 1 na kibetri kidogo, vyote kwa shilingi zisizofika kodi ya wiki 2 ya kile chumba cha Kasarani. Mteja bado yupo, ingawa nadhani anaisubiri simu ikatike. Programu ya ping nimeiacha ikimbie. Jana mashine iliwashwa saa 12 na dakika 31, ikanguruma dakika 20. Katika saa ile niliita mnara mara 3,600, na majibu yaliyokosekana ni 2. Baba alipoingia kunywa chai aliuliza, "Leo bahari iko vipi?"