Kivoi wa Mwendwa: mkubwa asiye na ngome

Vitabu vingi humwita Kivoi wa Mwendwa chifu wa Wakamba, kana kwamba alitawala kama bwana wa Ufaransa ya kale, aliyerithi ardhi, ngome na watu wake. Ushahidi unaonyesha vingine. Ukambani, hapa Matiliku sawa na kwake Kitui, mashauri yaliamuliwa na nzama, yaani baraza la wazee. Nguvu za Kivoi zilitokana na misafara ya pembe za ndovu iliyoshuka hadi Mombasa, na boma lake lenye wake, jamaa, wafuasi na, tusifiche, watumwa.

Atakayepinga atasema kwamba mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyemtembelea mwaka 1849, alimwandika kama mtawala. Ni kweli, lakini Krapf aliiona nchi akiwa chini ya ulinzi wa mwenyeji wake. Kipimo bora ni kifo. Mwaka 1851 Kivoi, akiwa safarini na Krapf, aliuawa katika shambulio karibu na mto Tana; jamaa zake wakamlaumu Krapf, naye akatoroka. Hapakuwa na kiti cha kurithiwa. Biashara iliendelea kwa muda, mikononi mwa Wakamba wengine.