Kubandika na kukandika

Herufi moja tu huvitenga vitenzi hivi, na ukuta wa pwani huvitumia vyote viwili.

Kukandika ni kazi ya kiganja. Katika vijiji vya Msambweni, pwani ya Kenya, fito hufungwa kwenye nguzo, kisha udongo uliolowekwa na kukanyagwa hushindiliwa katikati, tonge kwa tonge, hadi miti isionekane. Mara nyingi alama za vidole hubaki ukutani. Sikio linasikia humo kitenzi kanda, kile cha unga. Ukikandika, udongo unakuwa ndio ukuta wenyewe.

Kubandika ni kuweka kitu juu ya kingine: stempu, plasta, tangazo, na siku hizi karatasi za ukutani katika nyumba za Diani. Na neno hili lina mwenzake wa kinyume, bandua, na jingine la kitu kinachotokea bila mkono wa mtu: banduka. Hapo ndipo lugha inapomfaa mnunuzi wa karatasi hizo: kilichobandikwa huweza kubanduka. Upepo wa bahari una unyevu na chumvi. Masika ya Mei yakikolea, karatasi ya kawaida hufura pembeni, gundi hulegea, na ukungu mweusi humea nyuma yake. Sebuleni penye hewa inaweza kudumu. Jikoni afadhali ya plastiki inayofutika kwa kitambaa. Bafuni ni vigae.

Wapo mafundi wanaosema "kupiga wolpepa", kama wanavyopiga lipu na rangi. Neno linaeleweka, lakini kubandika linastahili kurudishwa midomoni, kwa sababu linabeba banduka ndani yake.