Askari na moyo wake: yale ambayo historia haikuandika

Sisi watu wa Goma tunaishi kwenye mpaka ambao ulikuwa uwanja wa vita kabla wazee wetu hawajazaliwa. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na kituo chao Kisenyi, na mwezi wa Septemba wakakamata kisiwa cha Idjwi. Upande huu walikaa askari wa Force Publique chini ya Wabelgiji. Mwaka 1916 jeshi hilo lilivuka mpaka, likapita Rwanda, na tarehe 19 Septemba likaingia Tabora. Wanafunzi wetu wanajua jina la Tombeur, mkubwa wa jeshi lile. Lakini ukiwauliza askari mweusi alikuwa anawaza nini njiani, wanakuangalia tu. Kitabu chao cha historia hakisemi kitu juu ya hilo.

Hapo ndipo riwaya inasaidia. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika vita ileile upande wa Wajerumani katika riwaya yake Afterlives (2020). Hamza, kijana wa pwani, anaingia jeshini kwa hiari yake mwenyewe, kisha anaanza kujuta. Kidonda chake kikubwa hakukipata kwa adui: ni Mjerumani wa jeshi lake mwenyewe aliyemkata na upanga. Vita inaisha, Hamza anarudi mjini anachechemea. Kila mtu anaona mguu. Yale ya moyoni yanabaki kwake.

Na sisi tuna kina Hamza wetu. Vita ya AFDL ilipoanza mwaka 1996, watoto wengi wa Kivu walichukua bunduki, tukawaita kadogo. Mmoja wao, Lucien Badjoko, alitoa ushuhuda wake kwa Kifaransa mwaka 2005, J'étais enfant soldat. Lakini wengi walirudi nyumbani bila kusema kitu. Desturi yetu ni ipi? Mtu akitoka vitani tunamwambia pole, tunampa chakula, na hatumuulizi. Tunaona ni heshima. Kweli ni heshima, lakini pia ni woga wetu wa kusikia.

Ahmadou Kourouma wa Côte d'Ivoire alionyesha njia nyingine katika Allah n'est pas obligé (2000). Birahima, mtoto-askari wa Liberia na Sierra Leone, anatukana karibu kila ukurasa. Lakini rafiki yake akifa, anasimama kidogo na kueleza maisha yake: alitoka wapi, aliingiaje vitani. Yaani anafanya kama sisi kwenye matanga, pale mtu wa jamaa anaposimama kusoma historia ya marehemu.

Basi desturi ya kusikiliza tunayo tayari, ila tunaitumia mtu akishakufa. Mji wetu umeona vita tena Januari 2025, na wengine watarudi na mizigo isiyoonekana. Tusimlazimishe mtu kusema. Lakini siku akianza mwenyewe, usiku, karibu na makala, tusimwambie «acha hayo, yamepita». Tukae, tusikilize mpaka mwisho. Na sisi walimu, tukifundisha Tabora 1916, tuwape watoto na ukurasa mmoja wa riwaya, wajue kwamba aliyebeba ile bunduki alikuwa na mashaka kama wao.