Mtihani na Hadhi ya Kiswahili: Mtazamo wa Kihistoria

Aghalabu wazazi wa Makadara, Umoja na Kayole huupima mtaala kwa swali moja: je, somo hili linatahiniwa? Swali hilo lina historia, nasi walimu wa Kiswahili hatufai kulibeza.

Enzi za CPE, Kiswahili hakikutahiniwa katika shule za msingi. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka wa 1976 kiwe somo la lazima lenye mtihani. Hata hivyo, ni mfumo wa 8-4-4, uliotokana na ripoti ya Mackay ya 1981, uliolitimiza hilo: kikatahiniwa katika KCPE kuanzia 1985 na kuwa cha lazima katika KCSE, iliyoanza 1989. Wanafunzi waliokipuuza wakakichangamkia.

Lakini mtihani uliotuinua ulitubana pia. Karatasi ya fasihi, 102/3, iliwazoesha wengi kusaka msemaji, msemewa na muktadha wa dondoo, wala si kuisoma kazi kwa ukamilifu wake.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, mtaala wa umilisi ukishika nafasi. Wapo wanaoshangilia. Wapo pia wanaohofu kwamba mtoto wa mtaani, aliyetegemea alama kuingia shule ya kitaifa, atapimwa kwa vifaa ambavyo mzazi hamudu kununua. Hofu hiyo ina mashiko.

Kwa hivyo, tusidai mtihani ufutwe. Tudai uulize "kwa nini", si "nani alisema" pekee.